DAWA YA DENI LA DAMU



Katika somo la mwezi huu tutajifunza kutokana na filamu. Tunajua wako wazee miongoni mwetu wanaoona kwamba sinema ni mchezo wa vijana na kupoteza wakati, na huenda nyingi ndivyo zilivyo. Lakini filamu tutakayoieleza yafaa kutazamwa na wazee na vijana pamoja, maana habari yake ni ya nyumba mbili za kijijini zilizogombania ardhi, zikauana kizazi baada ya kizazi. Msomaji ambaye hajaiona asiwe na wasiwasi. Tutamweleza yote yanayohitajika kwa somo letu.

Kabla ya kuanza, tunaweka swali moja. Damu ikiisha kumwagika kati ya nyumba mbili, na kila moja ikawa na makaburi ya kuhesabu, ni nani awezaye kuumaliza ugomvi huo? Wengi watajibu upesi kwamba ni yule aliyekosa, kwa kuomba radhi na kulipa. Tunamwomba msomaji aliweke jibu hilo kando kwa muda. Tutalirudia.

Habari ya filamu

Filamu hii ilitoka mwaka 2001, na mwongozaji wake ni Mbrazili aitwaye Walter Salles. Jina lake kwa Kireno ni Abril Despedaçado, maana yake Aprili Iliyovunjikavunjika. Mambo yake yanatokea mwaka 1910, katika nyika kame ya Brazili iitwayo sertão, mahali penye jua kali, vumbi na miiba.

Hapo inakaa nyumba ya Breves: baba, mama, kijana wao Tonho mwenye umri wa miaka 20, na mdogo wake. Kazi yao ni kukamua miwa na kupika sukari guru. Kinu chao huzungushwa na maksai, ambao huenda duara kutwa nzima bila kufika popote. Bei ya sukari inashuka, na mfanyabiashara anayeinunua huwapa kidogo kuliko mwanzo. Ni watu maskini. Hata hivyo wana deni moja wasilolisahau kamwe, nalo ni deni la damu kati yao na majirani zao, nyumba ya Ferreira, lililoanza kwa ugomvi wa ardhi.

Filamu inapoanza, kaka mkubwa wa Tonho amekwisha kuuawa. Shati alilovaa siku hiyo limetundikwa nje juani, damu ikiwa bado juu yake. Desturi ni kwamba damu ile ikigeuka kuwa manjano, basi marehemu anadai kisasi. Siku inafika. Baba anamtuma Tonho, naye anakwenda, anampiga risasi mtu mmoja wa nyumba ya Ferreira, anaua.

Linalofuata litawashangaza wengi wetu. Tonho anakwenda matangani kwa mtu yule yule aliyemwua. Anapita katikati ya waombolezaji mpaka kwa mzee wa nyumba, ambaye ni kipofu, na kuomba apewe muda. Mzee anampa. Nyumba ya Ferreira nayo ina shati la kuanika, na mpaka damu yake igeuke rangi, hakuna atakayemgusa. Tonho anafungwa kitambaa cheusi mkononi ili kila mtu amjue. Mzee anamweleza kwamba tangu sasa maisha yake yamegawanyika mara mbili: ile miaka 20 aliyokwisha kuishi, na hizo siku chache zilizobaki.

Mdogo wake Tonho ndiye anayetusimulia habari yote. Jambo la kutazama sana ni kwamba mtoto huyu hana jina. Wazazi wake humwita Mtoto tu. Siku moja wanapita watu wawili wa sarakasi, mwanamume na binti. Binti anampa mtoto kitabu chenye picha za nguva na bahari, na yule mwanamume anampa jina, Pacu, ambalo ni jina la samaki wa mtoni. Mgeni mpita njia ndiye aliyempa mtoto huyu jina. Nyumbani kwao hapakuwa na haraka ya kumpa, kwa sababu katika nyumba ya kisasi mtoto wa kiume ni zamu tu: akikua ataua, kisha atauawa. Pacu anaona jambo ambalo wakubwa hawalioni, kwamba wao wenyewe wamekuwa kama wale maksai, wanazunguka na kuzunguka pasipo kwenda mbele.

Mwisho wa habari, muda aliopewa Tonho umekwisha. Kunanyesha mvua. Pacu anaamka mapema, anavaa kofia ya kaka yake, anajifunga kile kitambaa cheusi, na kutoka nje peke yake. Mtu wa Ferreira aliyekuwa akivizia hatambui ni nani. Anapiga risasi, na mtoto anakufa mahali pa kaka yake.

Sasa deni limegeuka tena, na nyumba ya Breves ndiyo inayodai. Baba anamtaka Tonho aende akalipize. Lakini Tonho anaondoka zake. Anafika pale njia inapogawanyika, anashika njia ambayo hakuwahi kuishika, na picha ya mwisho tunayoiona ni ya bahari.

Habari ilikotoka

Filamu hii ni ya Brazili, lakini habari yenyewe haikuzaliwa huko. Ilitokana na riwaya ya mwandishi wa Albania, Ismail Kadare, aliyefariki mwaka 2024. Riwaya hiyo inaeleza maisha ya watu wa milima ya kaskazini mwa Albania. Habari iliyotungwa kwa ajili ya milima ya Ulaya ilivuka bahari ikakaa vizuri katika nyika ya Brazili. Kwa hiyo tusiseme kwamba kisasi ni ugonjwa wa kabila fulani. Palipo na ardhi ya kugombania, na heshima ya kulinda, mbegu yake inaweza kuota.

Huko Albania milimani watu walikuwa na sheria ya mila iitwayo Kanun, ambayo husemwa kuwa ya mtawala mmoja wa karne ya 15, Lekë Dukagjini. Kwa karne nyingi haikuandikwa, ilipokewa kwa mdomo kutoka kwa wazee. Aliyeikusanya na kuiandika ni padre wa shirika la Wafransisko, Shtjefën Gjeçovi. Padre huyo aliuawa mwaka 1929 kabla kazi yake haijatoka kama kitabu kamili, na kitabu kikachapishwa mwaka 1933.

Ukiisoma sheria hiyo huoni fujo. Unaona utaratibu. Muuaji hapaswi kumwibia aliyemwua. Anapaswa kumlaza chali na kuweka silaha yake karibu na kichwa, kisha kuwapelekea habari wa nyumbani mwake. Nyumba iliyofiwa ikikubali, humpa muuaji ahadi ya usalama, iitwayo besa, ya saa 24, naye huhudhuria mazishi. Baadaye kijiji chaweza kumwombea besa nyingine ya siku 30. Wanawake hawaguswi. Tena mtu akiwa ndani ya nyumba yake hashambuliwi, na ndiyo sababu wanaume wa nyumba inayodaiwa hujifungia ndani, hata kwa miaka.

Utawala wa kikomunisti wa Albania ulizuia kisasi kwa mkono wa chuma. Ulipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ardhi ikagawanywa upya, magomvi ya mipaka yaliamka, na pamoja nayo madeni ya zamani. Wavulana wakafungiwa majumbani, wasiweze kwenda shule kwa hofu ya kuuawa njiani, na wako walimu waliokwenda kuwafundisha huko huko walikojificha. Sisi tuliofanya kazi ya ualimu, tukawafunza na wengine kuifanya, hatuwezi kupita habari hiyo haraka. Mtoto yule alikuwa amefungwa kwa kosa lililotendwa, pengine, kabla hajazaliwa.

Kisasi ni hesabu

Hapa tunafika kwenye kiini cha somo. Tumezoea kusema kwamba kisasi huletwa na hasira. Lakini mtu mwenye hasira hangojei shati likauke, wala hampi adui yake siku 30, wala hamkaribishi matangani. Tonho hakuwa na hasira na mtu aliyemwua. Kilichomsukuma ni hesabu. Nyumba moja imetoa mtu, nyumba nyingine haijatoa, na daftari lazima liwe sawa.

Waswahili tunasema, dawa ya deni ni kulipa. Ni methali ya kweli katika mambo ya fedha. Ukikopa shilingi 1,000 ukazirudisha, deni limekufa, na mkopeshaji na mkopaji wanaweza kunywa chai pamoja. Lakini deni la damu halina tabia hiyo. Ukililipa halifi, linahama. Jana nilikuwa nadai, leo nimelipwa, kesho nadaiwa mimi. Kila malipo ni mkopo mpya. Ndiyo maana nyumba zinaweza kulipana kwa vizazi na vizazi na daftari lisifungwe hata siku moja.

Turudi sasa kwenye swali letu la mwanzo. Je, mdaiwa aweza kulifunga deni hilo? Aweza kukiri, aweza kuomba radhi, aweza kutuma wazee. Hayo ni wajibu wake, wala asiyakwepe. Lakini akikiri mara kumi, kalamu haimo mkononi mwake. Kalamu iko mkononi mwa yule anayedai. Na mwenye kudai si mtu mbaya wa hadithi. Ni yule mwenye kaburi bichi, mwenye haki kwa mila zote, ambaye jirani zake wote wanamwambia kwamba zamu ni yake. Huyo ndiye peke yake awezaye kusema kwamba hesabu imekwisha. Kifo cha Pacu hakikuumaliza ugomvi, maana kwa mila kilizaa deni jingine. Uliisha pale Tonho, mwenye haki ya kudai, alipoacha kudai.

Maandiko nayo yanaijua hesabu hii. Katika Mwanzo 4, baada ya mauaji ya kwanza, Mungu anamwekea Kaini alama ili mtu asimwue, yaani hesabu inakatwa ikiwa bado ni moja. Lakini mistari michache mbele twamkuta Lameki akijigamba mbele ya wake zake kwamba kisasi chake kitazidi cha Kaini mara nyingi. Katika Hesabu 35 tunasoma juu ya miji sita ya makimbilio, ambako mtu aliyeua bila kukusudia aliweza kumkimbia mlipiza kisasi. Kisha katika Mathayo 18 Petro anauliza kiasi cha kusamehe, na Bwana anamjibu kwa hesabu kubwa mno hata daftari linakosa maana. Mara baada ya hapo anatoa mfano, na mfano huo ni wa nani? Ni wa bwana mwenye kudai. Tunamsihi msomaji aifungue sura hiyo mwenyewe nyumbani.

Kikombe chini ya goti

Lakini kwa nini mwenye kudai asiache tu? Sababu kubwa ni aibu. Huko milimani, mtu ambaye hajalipiza kisasi cha nyumba yake hakutukanwa kwa maneno. Alipofika barazani na kahawa ikatolewa, wenzake walipewa vikombe vyao kwa heshima, lakini yeye alipitishiwa chake chini ya goti. Hakuna aliyesema kitu, na kila mtu alielewa. Fikiri mtu anayepokea kahawa namna hiyo mwaka mzima, na mwanawe amesimama akiona.

Basi tunajifunza kwamba mkono unaoua huwa mmoja, lakini wanaousukuma ni wengi. Baraza zima lililokaa na kunywa kahawa limo ndani ya mauaji hayo.

Yaliyotokea Kosovo mwaka 1990

Je, jambo hili lawezekana nje ya filamu? Limewezekana, na mfano wake ni mkubwa. Kosovo ni jirani wa Albania, na wengi wa wakazi wake ni Waalbania, wenye mila ile ile ya damu. Mwaka 1989 Kosovo ilinyang'anywa madaraka yake ya kujitawala ndani ya Yugoslavia. Watu wakaona kwamba hawawezi kusimama pamoja ilhali wanauana wao kwa wao. Mapema mwaka 1990 vijana, wengi wao wanafunzi, walianza kuzunguka kuwaomba wenye kudai damu wasamehe. Kiongozi wao alikuwa Anton Çetta, profesa aliyekusanya hadithi na mila za wananchi. Alikuwa amekwisha kupita vijijini kwa miaka mingi akisikiliza wazee, basi alipobisha hodi kuomba msamaha hakuwa mgeni kabisa.

Tazameni walikoelekea. Hawakujenga kampeni yao juu ya kuwakemea wauaji. Walikwenda kwa nyumba zilizofiwa, wakaketi, wakaomba. Wengine waliwakubalia, wengine waliwakatalia, na waliokataliwa walirudi tena.

Tarehe 1 Mei 1990 ulifanyika mkutano mkubwa mahali paitwapo Verrat e Llukës, karibu na Deçan. Walikusanyika watu wengi mno, wanaokadiriwa kuwa mamia ya maelfu, Waislamu na Wakatoliki pamoja. Huko, mmoja baada ya mwingine, wenye kudai walisimama hadharani na kusamehe damu ya mtoto, ya ndugu, ya baba. Baadaye mikutano ya namna hiyo ilipigwa marufuku, na kazi ikaendelea majumbani. Mpaka mwaka 1992, madeni ya damu karibu 1,000 yalikuwa yamesamehewa.

Kwa nini mbele ya umati? Kwa sababu ya kile kikombe chini ya goti. Aibu ilitolewa barazani, basi heshima nayo ilipaswa kurudishwa barazani. Mzee aliyesamehe peke yake nyumbani angeitwa mwoga. Aliyesamehe mbele ya umati ule, nao ukampigia makofi, alirudi kijijini akiwa mtu mkubwa kuliko alivyoondoka. Çetta na vijana wake waliibadili bei ya msamaha. Ilikuwa aibu, wakaifanya heshima. Çetta alifariki mwaka 1995.

Tuongeze neno moja ili tusieleweke vibaya. Kusamehe damu si kuficha mauaji. Mtu akiua, mahakama ina kazi yake, na jamaa hawana ruhusa ya kuizuia kwa kisingizio cha msamaha. Wanachoacha wao ni haki ya kujilipiza na kuwarithisha watoto wao deni hilo.

Na sisi je?

Wengi wetu, namshukuru Mungu, hatuna shati lenye damu lililotundikwa uani. Lakini tunayo mashati mengine. Kuna nyumba zisizosalimiana kwa sababu ya hatua tatu za mpaka wa shamba, na waliouanza ugomvi wamekwisha kuzikwa. Kuna ndugu wa tumbo moja wasiozikana. Kuna wanaosimama safu moja ibadani, na wakati wa kupeana amani ukifika, mmoja anageukia upande mwingine. Na kuna watoto walioambiwa wasicheze na watoto wa nyumba ile. Wakiuliza sababu hawajibiwi, huambiwa tu kwamba wale ni watu wabaya. Shati hilo tumelianika wenyewe, na kila mwaka tunatazama kama rangi imegeuka.

Tujihoji pia juu ya baraza letu. Mtu akishinda kesi ya shamba, kisha akaamua kumwachia ndugu yake sehemu ili waishi kwa amani, tunasemaje? Je, hatusemi kwamba kashikwa masikio, au kwamba mke wake ndiye anayemtawala? Hicho ni kikombe chini ya goti. Twaweza kuhubiri msamaha kila Jumapili, lakini tukiendelea kumcheka anayesamehe, tunalibomoa Jumatatu tulilolijenga Jumapili. Usharika hauwezi kusamehe kwa niaba ya mtu. Unachoweza ni kumsindikiza mwenye kudai anapokwenda kusamehe, kusimama naye mbele ya watu, na kumpa kikombe chake kwa mikono miwili.

Na wewe msomaji unayedai kwa haki kabisa, uliyedhulumiwa kweli, hatukuambii kwamba deni lako si kitu. Ni deni kweli. Tunakuambia tu kwamba kalamu iko mkononi mwako, wala haiko kwa mwingine yeyote.

Maswali ya mazungumzo katika vikundi

1. Kwa nini wazazi wa Pacu hawakuwa wamempa jina? Taja njia ambazo watoto wa kwetu hurithishwa magomvi ya wazee.

2. Methali isemayo dawa ya deni ni kulipa yafaa wapi, na haifai wapi?

3. Mdaiwa ana wajibu gani, na mwenye kudai ana uwezo gani? Someni Mathayo 18:21–35 mkiangalia ni nani mwenye kudai.

4. Msamaha wa Kosovo ulifanywa hadharani. Katika usharika wetu, mtu akiamua kumaliza ugomvi wa zamani, tumwandalie nini ili asiondoke na aibu?

5. Kila mmoja ajiulize kimya kimya, pasipo kutaja jina la mtu: ni shati gani ambalo nyumba yangu imelianika, na nitaliondoa lini?